Ubao wa Saa za Swala Uliokataa Kuwaka

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kichochoroni. Msikitini, mbele ya mtaa mzima, wageni wa Ruaruke na Dimani wakiwepo, na mama yangu mzazi akiwa nyuma ya pazia upande wa akina mama. Naandika huku masikio bado yana moto. Someni taratibu, na mkimaliza mnihurumie.

Wasionifahamu: mimi ni Seif, fundi kompyuta wa hapa Kibiti. Niliondoka hapa sina kitu. Dar nilibeba zege, nikauza maji ya baridi stendi, nikajilipia ada mwenyewe mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mwaka jana nimerudi, nimefungua ofisi yangu kando ya barabara kuu, na diploma nimeitundika mkabala na mlango ili mteja aisalimie kabla yangu. (Najua. Mama alishaniambia.)

Sasa, leo saa nane mchana, swaumu imeshaanza kunibana, napigiwa simu na Mzee Karim. Huyu ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Babu yake alitoka Bara Hindi akaanza hapa hapa na duka la chumvi na kanga, na yeye Kindengereko anakijua kuliko mimi. Ndiye aliyeununulia msikiti wetu ule ubao mkubwa wa saa za swala, wenye namba nyekundu zinazosomeka mpaka nje. Ubao unaendeshwa na kompyuta iliyomo kwenye chumba kidogo pembeni ya mihrabu. Ndani ya kompyuta kuna programu inayojiwasha yenyewe kila mashine inapowaka. Ikifika saa ya swala, ubao unapiga mlio, muadhini anashika kipaza sauti, anaadhini. Ndivyo tulivyozoea.

Mzee Karim akaniambia umeme ulikatika juzi, na tangu uliporudi jana ubao umegoma. Siku nyingine asingejali. Lakini leo ndiyo siku anayofuturisha watu pale msikitini kila Ramadhani, kumrehemu marehemu baba yake. Wageni wako njiani. Mvua inanyemelea tangu asubuhi, jua halionekani, na watu wote watakaa kuutazama ubao ule ili wajue saa ya kufuturu.

"Seif," akasema, "kabla ya Magharibi uwe umewaka. Nisiaibike mbele ya wageni."

Nikamwambia ahesabu umewaka tayari.

Nilifika na begi langu la vifaa, shati limechomekwa, saa mkononi. Barazani palikuwa na wazee wamejilaza wanasubiri Alasiri. Nikawapa salamu ya mtu mwenye kazi nyingi. Mmoja akauliza kama ndiye mtoto wa Mwanahawa aliyekwenda Dar. Nikasema ndiye mimi, na kwamba hii shughuli haifiki nusu saa. (Nusu saa. Naomba muikumbuke hiyo mnaponihukumu.)

Ndani nilimkuta Mwalimu Salumu, muadhini wetu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Alinifundisha kuzidisha na kugawanya, na fimbo zake bado nazikumbuka kwa idadi. Siku hizi macho yake yana ukungu, saa ya ukutani haioni vizuri, ndiyo maana ubao ule anaupenda kama mjukuu. Akanipisha kwenye kiti, yeye akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa.

Nikawasha. Kompyuta ikaamka vizuri. Programu ya ubao ikajiwasha. Ikakaa sekunde tatu. Ikafa.

Nikazima, nikawasha. Sekunde tatu, kifo.

Mara ya tatu nilishika kiuno, kwa sababu niliwahi kusikia mafundi wakubwa hushika kiuno. Ikafa vile vile.

Basi nikaingia kazini kweli. Nikachomoa nyaya zote, nikazichomeka upya. Ikafa. Nikafungua kasha kwa bisibisi, nikamulika na simu yangu, nikakuta sisimizi wamejenga mji mzima. Nikawafukuza kwa brashi ya rangi, nikapuliza vumbi mpaka Mwalimu akakohoa. Kompyuta ikawaka inang'aa kama bibi harusi. Programu ikafa. Nikaiondoa programu yote, nikawasha mtandao kwa simu yangu, nikaipakua upya, dakika arobaini na tano, bando langu likaisha. Programu mpya ikajiwasha kwa madaha, ikaisoma ile ratiba ya zamani iliyokuwa imebaki humo, ikafa kwa madaha yale yale.

Tukatoka tukaswali Alasiri. Mwalimu aliadhini kwa kutazama simu yake ndogo ya kitochi, ameisogeza mpaka inagusa kope. Niliposujudu nilikuwa nawaza nyaya. (Mwenyezi Mungu anisamehe, leo orodha ni ndefu.)

Tuliporudi, Mzee Karim akachungulia mlangoni. Aliutazama ubao mweusi, akanitazama mimi, akaondoka. Afadhali angenitukana. Nikaapa sitoki chumba kile mpaka namba nyekundu ziwake, hata kama nitafuturia pale pale na sisimizi.

Mwalimu Salumu akakohoa kidogo. "Seif. Inasema kwa nini inakufa?"

Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mzee, kwamba mashine haisemi.

"Mimi mwanafunzi akianguka darasani," akasema, "kwanza nilikuwa namuuliza ameumia wapi. Ndiyo nilikuwa namfuta vumbi."

Nikaweka bisibisi chini. Kwa sababu kila programu ya namna hii huwa inaacha maandishi mahali fulani: imewaka saa ngapi, imekwama wapi, imekufa kwa nini. Ni somo la kwanza chuoni. La wiki ya kwanza! Na mimi nimemaliza saa mbili nafagia sisimizi.

Nikayafungua maandishi yale. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi na umejirudia kila mara tulipowasha: ratiba ina makosa, Isha inatangulia Magharibi.

Nikafungua ratiba. Nawanukulia ilivyokuwa: Alfajiri 11:20. Adhuhuri 6:35. Alasiri 9:50. Magharibi 12:40. Isha 1:50.

Nilicheka peke yangu. Zamani ratiba ilikuwa inajazwa na mpwa wa Mzee Karim, ambaye amehamia Dar. Kumi la kati la Ramadhani lilipokaribia, Mwalimu akalijaza mwenyewe, usiku na miwani miwili, kwa nia safi kabisa. Ila alijaza saa kama tunavyozisema. Programu huisoma ratiba mara moja tu, pale inapowaka, kwa hiyo ilikuwa inaendelea na ya zamani bila habari. Umeme ulipokatika ukarudi, ikaamka, ikasoma Magharibi ni mchana wa saa sita na dakika arobaini, Isha ni usiku wa manane, ikachanganyikiwa, ikazimia.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu, ingawa sikujua. Badala ya kurekebisha kimya kimya, nilimwita Mzee Karim. Nikawaita na wazee wawili wa barazani. Nikasimama mbele ya kompyuta nikatoa darasa.

"Mwalimu," nikasema, "Magharibi umeandika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini."

"Sasa kompyuta haijui hiyo."

"Kwani wewe Magharibi unaswali saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini."

"Basi ndiyo niliyoandika," akasema Mwalimu, na wazee wakacheka.

Nikawaeleza kwamba mashine siku yake inaanza usiku wa manane, haianzi jua linapochomoza, na kwamba kwenye mambo ya saa lazima mtu awe makini sana, kosa dogo tu linaweza kuharibu ibada ya watu. Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Mbele ya mashahidi.

Mwalimu aliinamisha kichwa akasema amekosa. Nami nikapokea kosa lake kama mtu anayepokea zawadi.

Nikarekebisha ratiba mstari kwa mstari. Siku kumi, swala tano, kila moja nimeipeleka kwenye saa ya mashine. Magharibi ikawa 18:40, Isha 19:50. Nikawasha. Sekunde tatu. Nne. Nikatabasamu. Sekunde ya tano ikafa.

Sikukata tamaa. Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwenye maandishi. Yakasema: siku ya leo haimo kwenye ratiba. Nikatazama saa ya kompyuta yenyewe, nikakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi, mpaka mwaka ule mashine ilipotengenezwa. Kumbe kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa umeme unapokatika kimekufa. Kompyuta ilikuwa imeamka haijui leo ni lini.

Hilo ni jambo dogo. Unaiwekea tarehe na saa, kibetri unanunua kesho. Simu yangu ilikuwa imezima, kazi ya tochi na mtandao imeimaliza. Mwalimu Salumu akanyoosha kitochi chake, akasema nichukue saa ya pale, huwa anailinganisha na redio kila asubuhi.

Nikakitazama. Kioo kimepasuka, namba ya tano imefutika.

Nikamwambia, "Ahsante Mwalimu, hapa panahitaji saa ya uhakika."

Nikakunja mkono wa shati. Saa yangu ya mkononi niliinunua Kariakoo kwa mshahara wangu wa kwanza, na haijawahi kunichelewesha kazini hata siku moja. Nikaisoma mpaka sekunde, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikawasha.

Sekunde tano. Kumi. Dakika nzima. Programu imesimama! Kule msikitini ukasikika mshindo wa watu kusema Allahu akbar, ubao umewaka wote, nyekundu tupu, saa, tarehe, na chini yake dakika zilizobaki kufika Magharibi.

Nilitoka kile chumba kama mtu anayetoka ndani ya ndege. Wageni wa Ruaruke wamekaa kwenye majamvi, wa Dimani wanamalizia kutawadha, tende zimepangwa, uji unafuka moshi, mihogo ya nazi, tambi, samaki wa mtoni. Mzee Karim akanishika bega mbele yao wote akasema huyu ndiye fundi wetu, na kwamba msikiti wa Ruaruke nao anataka kuuwekea ubao, na kazi hiyo haoni wa kumpa zaidi yangu. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ninayoijua ikimwambia mtu, "Huyo wangu huyo." Nikakaa mstari wa mbele. Kwa kawaida sikai mstari wa mbele.

Nje wingu limeshuka mpaka kwenye minazi. Huwezi kujua kama ni jioni au ni mvua. Macho yote ubaoni. Dakika tatu. Mbili. Moja. Mlio.

Mwalimu Salumu akashika kipaza sauti, kisha akasita. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona naona kama mapema?"

Nikamwambia, "Mwalimu, ni wingu tu. Adhini."

Akaadhini. Watu wakapiga bismillahi. Mimi tende yangu ya kwanza niliitafuna kwa raha ambayo sijaipata tangu siku ya mahafali. Nikachukua ya pili. Bakuli la uji likapita. Mgeni mmoja wa Dimani alishakunywa nusu na anaomba kuongezewa.

Hapo ndipo redio ya nyumba ya jirani, iliyokuwa inasoma mawaidha kwa sauti ya chini tangu alasiri, ikaongezwa sauti. Mtangazaji, kwa utulivu kabisa, akawakumbusha waumini wa Dar es Salaam na vitongoji vyake kwamba zimebaki dakika tano kufika adhana ya Magharibi.

Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: Dar wanatutangulia kufuturu kidogo. Wao wakila, sisi tunahesabu dakika moja mbili ndiyo tunakula.

Mikono ikasimama hewani. Nasema kweli, msikiti mzima uliganda na vijiko. Mtu akajaribu kusema labda redio imekosea. Na jua, ambalo halikuonekana kutwa nzima, likapasua wingu upande wa mikorosho likaingia kwa madirisha yote ya magharibi, la njano, limenona, likatumulika na tende zetu midomoni.

Hakuna aliyemeza. Wengine walikuwa wameshameza.

Mwalimu Salumu aliweka kipaza sauti chini. Akawageukia watu akasema, "Ndugu zangu, muadhini ni mimi. Mimi ndiye niliyeingilia ratiba. Kosa ni langu."

Ninyi mnaonisoma, niwaambie ukweli, kwa sekunde mbili nilimwacha aseme. Kibetri kimekufa, ratiba aliiharibu yeye, nani angejua? Kazi ya Ruaruke ipo. Mama ananisikia. Kisha macho yangu yakaangukia mkononi mwangu, na nikakumbuka kitu ambacho nimejisifia kwa kila niliyemwajiri nikimfundisha nidhamu ya kazi. Saa yangu naitanguliza dakika kumi. Kwa makusudi. Miaka yote. Ndiyo siri ya kutochelewa kwangu.

Nikasimama.

"Si Mwalimu," nikasema. "Ratiba iko sawa. Ni saa yangu. Inakwenda mbele dakika kumi."

Mzee mmoja wa Ruaruke akauliza imeharibika lini.

"Haijaharibika. Niliiweka hivyo mwenyewe."

Imamu wetu akashusha pumzi, akawaambia watu wasiongeze hata punje, wasukutue, wajizuie mpaka jua lizame, na kila aliyekula aijue siku yake, atailipa baada ya Idi. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetangaza kiatu kilichopotea. Kisha kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya mama.

"Tende tatu, Seif. Mimi na presha yangu nimekula tende tatu."

Akina mama wakaanza kucheka. Walijaribu kujizuia, nawasifu. Lakini mmoja alipopaliwa, pazia lote likatikisika, na kutoka hapo hata wageni wa Dimani walishindwa. Imamu aligeukia mihrabu. Mabega yake niliyaona yanavyotikisika.

Nikarudi kwenye kile chumba. Mwalimu Salumu akanifuata, akanyoosha kitochi chake. Nikaisoma saa, nikaisahihisha kompyuta, nikangoja programu isimame. Ikasimama. Nikamwomba radhi, si kwa saa tu, bali na kwa lile darasa pia. Akaniambia, "Hata shuleni ulikuwa unamaliza hesabu wa kwanza. Tatizo lilikuwa majibu."

Mlio wa pili ulipolia, hakuna aliyenyanyua mkono. Redio ya jirani ilikuwa tayari inaadhini kwa Dar; ikamaliza, Mwalimu akaenda mlangoni akalitazama anga, akarudi, ndiyo akaadhini. Uji ulikuwa umepoa, samaki amekakamaa. Tulifuturu taratibu kama watu wanaosaini hati. Mimi nilikula mstari wa nyuma, karibu na viatu.

Wakati wa kutawanyika Mzee Karim akanikuta napangusa begi langu ambalo halikuwa na vumbi. Nikamwambia ninaelewa akimtafuta fundi mwingine. Akafikiri.

"Ruaruke utakwenda Jumatatu," akasema. "Saa acha nyumbani."

Basi ndiyo hivyo. Fundi nimetengeneza, ubao unawaka, na mtaa mzima una siku moja ya kulipa kwa sababu yangu. Kibetri nitakwenda kununua kesho asubuhi, na kufika dukani lazima nipite sokoni, mbele ya watu wale wale. Naombeni msinicheke. Mkishindwa, basi subirini dakika kumi nipite.